Mshale wa RPM ukicheza: kebo, gia na kizibo kwenye Triumph TR6

Triumph TR6 zilizopo Tanga ni za kuhesabu, lakini ukikutana na moja, chungulia dashibodi: mara nyingi mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umekufa, au uko hai ila unatetemeka kama mwenye homa. Gari hili lilianza kuuzwa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na sidhani kama kulikuwa na foleni ya watu huku wakisubiri gari la wazi la viti viwili lenye silinda 6 na cc 2498. Nyingi nilizoshika zilivuka mpaka wa Horohoro zikitokea upande wa Mombasa, zikiwa zimeshapita mikononi mwa mafundi kadhaa. Na fundi akiona mshale unacheza, jambo la kwanza hufungua dashibodi, hutoa saa ya RPM (takometa), huipuliza vumbi, huirudisha. Mshale unaendelea kucheza.

Saa ndiyo ya mwisho kushukiwa. Ugonjwa karibu wote uko kati ya distributa (kile kinachogawa moto kwa plagi za injini) na nyuma ya dashibodi, na namna mshale unavyocheza hukuonyesha uko wapi, ukijua kuusoma.

Mzunguko unavyosafiri

Kwenye TR6 hakuna umeme unaopeleka habari za mzunguko kwenye takometa. Waya unaouona nyuma ya saa ni wa taa tu. Mzunguko husafiri kwa chuma. Kamshafti (shafti inayofungua valvu) huzungusha shafti fupi iliyosimama ndani ya kitako cha distributa, nayo huizungusha distributa kwa nusu ya mwendo wa krenki, shafti kuu ya injini. Kwenye shafti ya distributa kumechongwa nyuzi, na nyuzi hizo huuma gia ndogo ya meno ya mshazari iliyolala ubavuni. Upande mmoja wa gia kuna tundu la pembe nne, humo ndimo inamoingia ncha ya waya wa ndani wa kebo. Upande wa pili kuna kizibo cha bati kilichogongewa ukingo ili kisitoke.

Ndani ya saa yenyewe, ambayo ni ya Smiths, kuna sumaku inayozunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini hukivuta kiifuate, na kispringi chembamba hukizuia. Mshale husimama pale mvuto na kispringi vinapolingana. Kwa hiyo saa hii haijui kuficha: kebo ikisita, mshale unasita, kebo ikiruka, mshale unaruka.

Jambo linalopitwa na wengi ni hili. Gia ya meno ya mshazari haizunguki tu, husukumwa pia kwenda ubavuni. Kadiri mzigo inaouzungusha unavyokuwa mzito, ndivyo msukumo huo unavyoongezeka. Kebo laini yenye grisi ya kutosha ni mzigo mdogo sana. Kebo iliyokauka, iliyoshika kutu ndani ya ganda, au iliyokunjwa kwa nguvu ili ipite mahali pembamba, ni mzigo wa kweli. Na ukuta ambao gia inauegemea ni kile kizibo cha bati. Kizibo kikilegea, tafuta kwanza aliyekisukuma. Ukikibana bila kuigusa kebo, kitatoka tena, na safari hiyo kitatoka na kipande cha alumini ya distributa.

Hapa kwetu kebo hufa mapema. Gari likilala Raskazoni au popote karibu na bahari, hewa ya chumvi huingia kwenye ganda kupitia ncha zake, na magari haya hayatembei kila siku. Wiki tatu bandani, Jumapili moja barabarani, kisha bandani tena.

Kwanza tenganisha juu na chini

Kabla ya kubishana na dalili, fanya jaribio moja. Zima injini, fungua nati ya kebo upande wa distributa, uivute kebo itoke. Shika ncha ya waya wa ndani kwa drili ya umeme inayoweza kwenda polepole. Bana kidogo tu, usiivunje ile pembe nne. Zungusha taratibu mwenzako akiangalia mshale. Mshale ukisukumwa chini ya sifuri, unazungusha kinyume. Simama, geuza mwelekeo wa drili, anza tena.

Mshale ukipanda na kutulia bila kutetemeka, kebo na saa ni wazima, na tatizo liko kwenye distributa. Ukipepea hata kwa mwendo wa drili ulio sawasawa, tatizo ni kebo au saa. Ili kuvitenganisha hivyo viwili, chomoa kebo nyuma ya saa na uangalie waya wa ndani ukizunguka peke yake. Ukiona unazunguka kwa kusita, unasimama kidogo kisha unaruka, umeshampata mgonjwa.

Kama uso wa saa una maandishi madogo 2:1, maana yake injini huzunguka mara 2 kebo inapozunguka mara 1. Usishangae basi drili ya mizunguko 1000 ikileta mshale kwenye 2000.

Mshale unapepea chini, unatulia juu

Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, mshale unayumba kushoto na kulia kwa mpigo unaolingana. Ukikanyaga mafuta hadi 3000 unatulia. Hii ni kebo, na mara nyingi ni kebo kavu. Waya wa ndani hujikaza kama springi mahali unaposugua, kisha hujiachia kwa ghafla. Mwendo ukiwa mkubwa hakuna muda wa kujikaza, ndiyo maana juu hakuna tatizo.

Vuta waya wa ndani utoke kwenye ganda, uoshe kwa petroli au mafuta ya taa, uukaushe. Kisha ushike ncha zote mbili, uuache uning'inie kwa umbo la U, uviringishe kwa vidole upande mmoja. Waya mzima huzunguka laini. Uliokunjika hurukaruka kila mkunjo unapopita juu. Waya wa namna hiyo haunyoshwi; unatafuta mwingine.

Ukiwa mzima, pakaa grisi nyepesi kwa vidole, kidogo. Sentimita 20 za juu, upande wa saa, ziache kavu kabisa. Grisi hupanda yenyewe kwa mzunguko, na ukiijaza hadi juu itaingia kwenye saa, halafu utahamia kwenye dalili nyingine mbaya zaidi, nitaifikia. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno, yatachuruzika. Mafuta ya nazi, ambayo nimeyakuta kwenye kebo zaidi ya moja mkoani humu, yanateleza vizuri hapa mjini adhuhuri, lakini huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Panda Lushoto alfajiri ya Julai uone.

Halafu angalia njia ya kebo. Isipinde kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 15, na sentimita 5 za kwanza kutoka kila nati ziende zimenyooka. Kebo iliyobanwa nyuma ya injini na klipu aliyoiweka mtu ili isigonge bomba la moto hupinda vibaya mara moja. Bora uifungue hiyo klipu na kutafuta njia ndefu zaidi. Ncha ya waya wa ndani itokeze kama milimita 10 upande wa saa. Ikiwa fupi, haishiki vizuri. Ikiwa ndefu, inaisukuma sumaku.

Mshale unaanguka sifuri kwenye mashimo, kisha unarudi

Hii ni rahisi. Nati ya kebo imelegea, mara nyingi ya upande wa distributa kwa sababu ndiko kwenye mtikisiko. Gari likidunda kwenye matuta, ncha inachomoka kwenye tundu lake, kisha inarudi. Kaza kwa vidole, kisha msaada mdogo sana wa koleo lililofunikwa kitambaa. Nati iliyotafunwa na koleo ni dalili ya fundi aliyetangulia, na chini yake mara nyingi nyuzi zimekwisha.

Ukishakuwa hapo, shika mwili wa distributa na ujaribu kuuzungusha kwa mkono. Usizunguke hata kidogo. Klemu yake ikiwa imelegea, kebo nzito inaweza kuivuta distributa pole pole na kubadilisha taimingi, yaani wakati wa kuwasha moto. Mwenye gari atakuambia gari limekosa nguvu na RPM inacheza, akidhani ni magonjwa mawili.

Mshale unaruka, na distributa inatoa mlio

Hapa ndipo penye kazi. Dalili: mshale unapanda, unashuka, unakaa, unaruka bila mpangilio. Ukitega sikio karibu na distributa unasikia tik, tik, au mkwaruzo mwembamba. Ukipapasa ubavu wa distributa upande ulio kinyume na kebo, unakuta oili, na pengine kizibo kinacheza chini ya kidole. Pengine hakipo kabisa, kimeanguka njiani mahali kati ya hapa na Muheza.

Zima injini, usiendelee kuendesha. Najua mtakavyosema. "Fundi, si saa ya RPM tu? Gari si linatembea?" Linatembea, bwana mkubwa, lakini gia iliyokosa ukuta husogea nje kidogo kidogo, meno yake yanauma kwa ncha tu badala ya kuuma kwa upana. Yanakatika, na vipande vyake vinatafuna nyuzi za shafti ya distributa. Gia ndogo unaweza kuipata. Shafti ikiliwa, unatafuta distributa nzima.

Ukiwa barabarani na lazima ufike nyumbani, una njia mbili. Fungua nati ya kebo, toa gia yote nje, ziba tundu kwa kitambaa safi kilichobanwa, ufike bila RPM. Au, kama kizibo bado unacho, kirudishe na uizungushie distributa klipu ndefu ya mpira wa redieta ikikandamize. Ya kwanza naipenda zaidi, kwa sababu gia iliyo mfukoni mwako haiwezi kuvunjika.

Gereji sasa. Tenganisha betri. Weka silinda ya kwanza kwenye alama ya taimingi, ondoa kofia ya distributa, na uchore kwa rangi mahali rota inapoelekea kwenye ukingo wa distributa. Chora pia mstari mmoja unaopita kwenye mwili wa distributa na kwenye kitako. Usilegeze bolti ya klemu inayoshika shingo ya distributa. Fungua ile inayoshika sahani ya klemu kwenye kitako, ili distributa itoke pamoja na klemu yake na taimingi ibaki ilipokuwa. Kitako chenyewe usikiguse. Chini yake kuna gasketi zinazopima plei (nafasi ya kucheza) ya gia ya kamshafti, na kwenye gari zenye mfumo wa Lucas wa kupulizia petroli, kitako hicho pia huendesha pampu ya kugawa mafuta. Ukikinyanyua umejiongezea siku nzima ya kazi.

Distributa ikitoka, angalia ulimi wake wa chini. Haukai katikati, umesogea upande mmoja kwa makusudi, kwa hiyo utaingia kwa namna moja tu wakati wa kurudisha. Hii ni huruma ya waliolitengeneza gari hili Coventry, itumie.

Kabla ya kizibo, pima shafti. Shika juu ya shafti na uisukume pembeni. Ikicheza wazi kwa macho, bushi zimekwisha, na hata ukifunga kizibo kwa dhahabu meno hayataumana sawasawa. Shafti yenye plei hubadilisha pia uwazi wa pointi (swichi ya moto iliyo ndani ya distributa), kwa hiyo injini inayokosa moto kwenye sailensa na mshale unaoruka vinaweza kuwa na chanzo kimoja hapo. Bushi ni kazi ya fundi kerezo mwenye mkono mwepesi. Asiitoboe bushi ikawa pana mno kwa shafti "ili ilainike", kama ambavyo nimesikia baadhi yao wakishauri.

Toa gia, ioshe, iangalie kwenye mwanga. Meno yawe na vichwa bapa. Yaliyokuwa makali kama ya msumeno yamekwisha. Angalia uso wa gia unaosugua kizibo, kama una mfereji. Angalia na kizibo upande wa ndani, kwa sababu kikiwa kimelika, gia ina plei hata kama kizibo kimekaa mahali pake. Osha chumba cha gia hadi kusiwe na unga wa chuma. Ukikuta unga mwingi wa rangi ya shaba au fedha, badilisha pia oili ya injini.

Sasa kukirudisha kizibo. Namna tatu zinafanya kazi.

Kama ukingo wa alumini bado una nyama, gongea upya. Egemeza distributa kwenye jiliwa lenye mbao pande zote mbili, ukibana mahali panene na si shingo. Kalisha gia ndani na grisi, weka kizibo, kisha kwa panchi butu ukunje ukingo sehemu sita hivi, kati ya alama za zamani, si juu yake. Nyundo ndogo, mapigo mepesi. Alumini iliyolika na chumvi hupasuka kwa pigo moja la hasira.

Kama ukingo umekwisha, skrubu. Vua shafti kwanza, kwa sababu vumbi la keekee halitakiwi ndani ya distributa. Toboa matundu matatu ya skrubu za M3 (unene wa milimita 3) pembeni mwa kizibo, pitisha tepu ya kukata nyuzi, na funga skrubu fupi zenye wosha pana zinazokandamiza ukingo wa kizibo. Hii ndiyo naipendelea kwa gari linalotembea, kwani ukitaka kuikagua gia baada ya mwaka unatumia bisibisi tu.

Ya tatu ni gundi ya chuma ya kuchanganya. Inashika vizuri, watu wanaidharau bure, lakini hukataa oili kabisa. Ukwaruze ukingo kwa msasa, osha kwa thina mara mbili, usiweke grisi kwenye gia hadi karibu na ukingo, na uache ikauke usiku mzima. Tatizo lake ni kwamba siku ya kuifungua tena itakubidi ukate.

Kwa namna yoyote, pima plei ya gia kabla ya kumaliza. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Ukikikandamiza kizibo mpaka mwisho, gia inabanwa kati yake na mwili, inazunguka kwa nguvu, inachemka, na inaikata kebo au inajikata yenyewe. Weka bisibisi ndogo kwenye tundu la pembe nne, uizungushe shafti ya distributa kwa mkono. Gia izunguke kwa ulaini uleule duara zima. Kisha isukume mbele na nyuma. Kuwe na plei kidogo unayoisikia kwa vidole lakini huioni kwa macho. Ukiisikia ikigonga, ni nyingi. Weka wosha nyembamba ya chuma kati ya gia na kizibo, ujaribu tena.

Rudisha distributa kwa alama zako, na kabla ya kufunga kebo rudi kwenye sehemu ya juu ya ukurasa huu: osha waya, uviringishe, upake grisi, nyosha njia yake. Kebo ile ile ngumu kwenye kizibo kipya ni hasara ya kizibo kipya.

Mshale umekufa ghafla

Chomoa kebo nyuma ya saa, zungusha injini kwa stata, angalia waya wa ndani. Ukizunguka, ncha ya juu imelika kuwa mviringo au saa imekufa. Usipozunguka, chomoa na upande wa distributa na uangalie tundu la gia mwenzako akipiga stata. Tundu likizunguka, kebo imekatika. Tundu likisimama, meno yameisha.

Kebo iliyokatika usiitupe hadi uone imekatikia wapi. Ikikatikia katikati, ni uzee au mkunjo. Ikikatikia karibu kabisa na ncha, kuna kitu kilikuwa kimekwama, ama gia iliyobanwa ama saa nzito, na kebo mpya itakatika hapo hapo. Kuhusu kebo mbadala: waya wa ndani wa kebo ya kilometa ya pikipiki unaweza kufaa ikiwa pembe nne zake zinalingana. Pima kwa kaliba, si kwa macho. Ncha nyembamba kidogo itaingia kwa raha na kuzunguka kwa raha, huku ikilimaliza tundu la gia.

Mshale unapanda kuliko injini, au unakwama juu

Hii ndiyo ile niliyoiahidi. Grisi imepanda ndani ya saa, imekaa kati ya sumaku na kikombe. Sasa sumaku inakivuta kikombe kwa grisi, si kwa mvuto peke yake. Injini iko sailensa, saa inasema 4000. Ukizima, mshale unashuka kivivu. Mbaya zaidi kebo inakuwa nzito, na unajua msukumo huo unaishia wapi.

Saa inahitaji kuvuliwa na kuoshwa na fundi wa saa za gari, si kwa dawa ya kopo kupitia tundu la nyuma, maana hiyo huyeyusha grisi na kuipeleka kwenye kispringi na kwenye uso. Kabla ya saa kurudi, ikaushe ile sentimita 20 ya juu.

Mshale umetulia, lakini unadanganya

Mshale haucheki wala haulii, ila namba si za kweli. Kama saa ilibadilishwa, angalia kwanza uwiano ulioandikwa usoni, kwani saa za Smiths za aina tofauti zinafanana sura. Kama ni ile ile ya zamani, sumaku imechoka au kispringi kimebadilika.

Kuipima huhitaji vifaa vya bei. Subiri usiku, tafuta banda lenye taa ya tyubu ndefu ya zamani, ile ya choki na stata, si LED. Umeme wa gridi yetu ni hezi 50, kwa hiyo tyubu hiyo humulika mara 100 kwa sekunde. Weka alama moja ya chaki kwenye puli ya krenki na uwashe injini. Kwenye mizunguko 1000 alama hiyo moja itaonekana kama alama 6 zilizosimama. Kwenye 1200 ziko 5, kwenye 1500 ziko 4, kwenye 2000 ziko 3, kwenye 3000 ziko 2. Zikitambaa kuelekea injini inakozungukia, injini iko juu kidogo ya namba hiyo. Zikitambaa kinyume, iko chini. Soma saa wakati alama zimesimama. Usitumie jenereta, maana hezi zake hupanda na kushuka.

Tahadhari moja, na hii ni ya kweli. Feni ya TR6 imefungwa kwenye krenki yenyewe, na mwanga ule ule unaosimamisha chaki huweza kuisimamisha feni machoni. Utaona mapanga yametulia huku yakikata hewa. Simama pembeni, kikoi na shati vimefungwa, watoto nje ya banda.

Saa ikidanganya kwa kiasi kile kile kila mahali, wengi huishi nayo, na sioni ubaya. Ikidanganya zaidi kadiri unavyopanda, ipeleke kwa fundi wa saa.

Magari mengine ya jamii hii

Triumph TR4 nayo huchukua mzunguko kwenye distributa, kwa hiyo mengi ya hapo juu yanaihusu. Austin-Healey Sprite ya kwanza ina kijigiaboksi nyuma ya dinamo, na mkanda wa feni ukilegea RPM inadanganya. MGA na MGB za mwanzo, magari ya kampuni ya MG, huchukua kutoka kwenye kamshafti nyuma ya injini, na huko ugonjwa wa kwanza ni oili inayovuja kufuata kebo. MGB zenye injini ya beringi 5 za krenki, kuanzia mwisho wa 1964, zina saa ya umeme. Usihangaike kutafuta kebo.

Kujaribu barabarani

Baada ya kazi ya kizibo, endesha hadi Muheza bila haraka, simama, zima. Papasa kizibo kabla hakijapoa. Kiwe cha moto sawa na mwili wa distributa. Kikiwa cha moto zaidi, gia imebanwa. Futa kwa kitambaa cheupe, rudi Tanga, futa tena mahali pale pale. Unyevu mwembamba wa oili hauna neno. Tone linaloning'inia linamaanisha kizibo kimeanza kusogea, na kabla ya kukigongea tena, fungua kebo na uizungushe kwa vidole.